Taa Ilikuwa ya Kijani, Kama Ulivyosema

Chumba cha nyuma,
Nyumbani kwa binamu yako,
Jumanne asubuhi.

Mpendwa mpwa wangu,

Salamu zangu zikufikie huko mbali uliko, wewe, mumeo na watoto. Natumaini mmeamka wazima. Je, mkubwa bado anakohoa hali ya hewa ikibadilika? Na yule mdogo, niliyemwona kwenye picha akicheka bila meno ya mbele, ameshaota mengine? Naanza na watoto kwa sababu hao ndio rahisi kuwaulizia.

Huku hatujambo kwa kiasi chetu. Binamu yako ananitunza kama yai, mpaka nachoka kutunzwa. Moyo wangu umechakaa na daktari ameacha kunidanganya, jambo ambalo namshukuru. Miguu imevimba, viatu nimeshawagawia watu. Barua naandika mwenyewe, ila kila baada ya mistari michache nalala kidogo. Ukiona mwandiko umebadilika katikati ya sentensi, ujue nilikwenda nikarudi.

Utajiuliza kwa nini karatasi, wakati simu ipo. Simu nimepiga, mwanangu. Nilipiga wiki iliyopita, ukapokea kwa furaha, nami nikakuuliza habari za mvua. Nikapiga tena juzi, nikakuuliza habari za mvua ile ile. Nadhani ulifikiri uzee umenipanda kichwani. Haukunipanda. Nilikosa ujasiri.

Mumeo alinipigia kabla ya hapo, bila wewe kujua. Usimgombeze. Alinieleza kwamba tangu alipoanguka kwenye ngazi, mshipa wa fahamu wa mgongoni haumpi nafasi ya kukaa kwenye cherehani hata kwa urefu wa pindo moja la suruali. Siku hizi anakata vitambaa akiwa amelala kifudifudi sakafuni, anasema wateja wakiingia wanadhani ni mjusi anaota jua. Akasema madaktari wako tayari kumpandikizia kifaa cha kutuliza maumivu, chini ya ngozi, juu kidogo ya nyonga, na kwamba yeye amekubali, watoto wamekubali, hata mama mwenye nyumba amekubali. Aliyekataa ni wewe.

Alisema ulimwambia daktari kwamba mikono yako haifai kwa kazi hiyo. Alisema hata chupa ya maji ya moto humwekei mgongoni, mpaka aje mama jirani, "na yule mama, mjomba, ana mikono kama koleo." Tukacheka. Kisha akaacha mzaha. Akaniambia, "Mjomba, wewe ndiye ulikuwa fundi wa vitu hivi. Anakusikiliza kuliko anavyonisikiliza mimi. Mwambie tu kwamba safari hii akiwa mwangalifu, haitatokea tena."

Akiwa mwangalifu. Nilimwambia nitakwambia. Niliweka simu chini, na binamu yako alipoleta uji nikasema nimeshiba.

Basi nakwambia sasa, na naomba usome sentensi hii mara mbili kabla hujaendelea. Hukumuunguza mama yako. Niliyemuunguza ni mimi, na nililijua hilo siku ile ile, kabla hata kidonda hakijafungwa bandeji.

Nitakueleza jinsi ilivyokuwa, maana una haki ya kuelewa na si kuambiwa tu.

Kile kifaa cha mama yako kilikuwa na betri ndogo ndani ya mwili. Betri inaisha, lazima ichajiwe. Huwezi kupitisha waya kwenye ngozi ya mtu miaka nenda miaka rudi, maana tundu la waya ni mlango wa vijidudu. Kwa hiyo tuliweka koili moja, yaani waya uliozungushwa duara, ndani, chini ya ngozi, na nyingine nje, kwenye ile sahani ya chaja mliyokuwa mnamfunga kiunoni kwa mkanda. Koili ya nje inapeleka umeme kwa nguvu ya sumaku, ya ndani inaupokea. Hakuna kinachogusana isipokuwa ngozi.

Lakini umeme ukizidi, kitu cha ndani kinapata moto, na mwili hauvumilii moto wa ndani hata kidogo. Ndiyo maana kile cha ndani kilifundishwa kuzungumza. Kilikuwa kinarudisha taarifa kwa njia ile ile: nimepokea kiasi hiki, joto langu ni hili. Sahani ikisikia kidogo kimefika, inaongeza nguvu. Ikisikia joto limepanda, inapunguza au inazima. Mazungumzo hayo yalikuwa yakiendelea mfululizo muda wote mama yako alipokuwa amekaa na ile sahani, yeye akisikiliza redio.

Unakumbuka alivyokuwa anaitania ile sahani. Aliiita mume wake wa pili. Alisema baba yenu, Mungu amrehemu, hakuwahi kumkumbatia kiuno mchana kweupe, na huyu anamkumbatia kila siku na haombi chai. Ila alikuwa na lalamiko moja. Akipumua kwa nguvu, akicheka, akigeuka kidogo, sahani ilikuwa inahama, mazungumzo yanakatika, na chaja inazima na kulia pii. Inabidi mtu aje aiweke sawa, mwanzo tena. Alinipigia kazini akasema, "Ndugu yangu, huyu mume uliyeniletea ana deko. Nikikohoa tu ananuna."

Si yeye peke yake. Wagonjwa wetu wote wa kwanza walilalamika hivyo. Nami nilikuwa mkuu wa karakana, na yule mgonjwa alikuwa dada yangu, niliyemshawishi mwenyewe akubali kupasuliwa. Nilitaka asifu.

Kwa hiyo nilibadilisha maagizo ya chaja. Niliandika kwa mkono wangu kwamba ikitokea jibu la ndani halikusikika, chaja isizime. Ichukue jibu la mwisho ililolisikia, ilifanye kuwa jibu la sasa, iendelee na kazi. Mara nyingi jibu hukosekana kwa kitambo kidogo tu, mtu amekohoa, halafu linarudi. Nilijiona nimetatua tatizo.

Kulikuwa na mhandisi mwenzangu, mdogo kwangu, tuliyemwita Miwani kwa sababu alikuwa akivaa miwani moja na ya pili ameipandisha kichwani. Aliuliza mbele ya wote kama si heri kikinyamaza tuzime, hata kama wagonjwa watanung'unika. Nikamjibu, "Miwani, ukiona watu wamenyamaza mezani, ujue chakula ni kitamu." Karakana nzima ilicheka. Naye akacheka kwa adabu, akarudi kwenye meza yake. Tulijaribu ndani ya maji ya chumvi, tukajaribu kwenye pande la nyama ya bucha, ikafanya kazi vizuri. Nyama ya bucha haigeuki usingizini.

Mama yako aligeuka. Wewe ulimfunga mkanda baada ya chakula cha mchana, ukaangalia taa ya chaja, ambayo ikiwa ya kijani maana yake kila kitu ni sawa, ukaenda kuanika nguo. Yeye akasinzia kwenye kochi, akalalia ubavu, sahani ikateleza. Koili hazikuonana tena sawasawa. Jibu la mwisho lililosikika lilisema umeme unaofika ni kidogo na joto ni la kawaida. Baada ya hapo kimya. Na chaja, kwa maagizo yangu, ikaendelea kuamini kwamba umeme ni kidogo na joto ni la kawaida, ikaongeza, ikaongeza. Kule ndani kifaa kilikuwa kinasema kinaungua na hakuna aliyekisikia. Mama yako hakuamka, kwa sababu sehemu ile mishipa yake ya fahamu ilishakufa ganzi, kwa ugonjwa ule ule uliomletea maumivu ya miguu, ambayo kifaa kilipandikizwa kuyatuliza.

Ulirudi na beseni tupu, ukasikia harufu.

Nimepumzika hapa. Naendelea.

Pale hospitali ulimwambia kila mtu kitu kimoja. Taa ilikuwa ya kijani. Ulimwambia daktari, ukamwambia muuguzi, ukamwambia kaka yako aliyekuwa anakufokea ukumbini. Taa ilikuwa ya kijani nilipoondoka, na ilikuwa ya kijani niliporudi. Kaka yako akasema kama ingekuwa ya kijani mama asingeungua. Hakuna aliyekuamini, isipokuwa mimi. Mimi nilikuamini kabisa. Nilijua lazima ilikuwa ya kijani, kwa sababu ni mimi niliyeiamuru iwe ya kijani.

Na nilikiona kidonda. Muuguzi alipofunua, kilikuwa kiduara kidogo, palepale kilipokaa kifaa. Sahani ingekuwa imemuunguza kwa kuwekwa vibaya, ngozi ingeungua upande ilikotelezea. Hii iliungua kutoka ndani kuja nje. Mtu asiye fundi asingeona tofauti. Daktari alinigeukia mimi, akaniuliza maoni yangu kama mtaalamu. Nilisema inaelekea mkanda haukukazwa vizuri.

Usiku haukuwa umeingia, tulikuwa tumerudi nyumbani, sebule imejaa ndugu. Ulikuja ukachuchumaa mbele ya kiti changu. Wengine walikuwa wanaongea, hawakukusikia. Uliniuliza polepole, "Mjomba, ni mimi?"

Nikakwambia, "Mwanangu, mashine haijipandishi moto yenyewe."

Nimeishi na sentensi hiyo kuliko nilivyoishi na mke wangu. Ilikuwa uongo uliovaa nguo za ukweli. Kweli haijipandishi yenyewe, kuna mtu aliyeiagiza, na mtu huyo alikuwa amekaa kwenye kiti akikutazama ukilia. Nilikuwekea na mkono kichwani. Hata sasa nikiukumbuka mkono ule naona aibu kuliko maneno.

Kwa nini nilifanya hivyo? Nimejiuliza, na sababu zote ni ndogo. Karakana ilikuwa inasubiri kibali cha kuuza vifaa vile. Vijana wangu wangekosa kazi, nilijiambia hivyo. Lakini hata bila kibali nadhani ningesema vilevile. Nilikuwa mtu mzima anayeheshimiwa kwenye sebule ile, aliyesomea mbali, ambaye ndugu wote walikuwa wanamtazama aseme kilichotokea. Sikuweza kuinuka na kusema ni mimi. Nilikupa wewe kosa kwa sababu ulikuwa umeshalishika tayari, umejipa mwenyewe kabla ya kuulizwa.

Kisha wakakupa lile jina. Pasi. Lilianza kama utani wa kaka yako, siku mtoto wa jirani alipoletwa abebwe, akasema msimpe Pasi atampiga pasi. Watu wakacheka, mpwa wangu, na mimi nilikuwepo, nami nilicheka. Si kwa sauti kubwa, lakini nilicheka. Ukalizoea, au ulijifanya umelizoea, na ukawa unalijibu. Ulipopata kazi huko mbali, ndugu walisema Pasi amepata bahati. Mimi nilijua umekimbia.

Jambo la kuonyesha kwamba sikuwa nimekosea kwa kutojua ni hili. Ndani ya mwezi ule ule nilibadilisha maagizo ya chaja zote. Kimya kikawa kinazima umeme mara moja. Nilizirudisha zote karakanani, nikawaandikia wagonjwa kwamba ni maboresho ya kawaida. Miwani aliyasoma mabadiliko yale, akaniangalia, akaanza kuyaingiza kwenye chaja ya kwanza. Hivyo wagonjwa wengine niliwaokoa, na wewe nikakuacha ulipokuwa.

Mama yako kile kifaa kilitolewa, na akakataa kingine. Aliendelea na maumivu yake, akitembea kwa kushika ukuta, mpaka alipofariki. Huo nao ni mzigo wangu, si wako. Sijui kama aliuhisi ukweli. Siku moja nilipomtembelea aliniambia sijakaa naye vizuri tangu siku ile ya hospitali, kila nikija nakaa ncha ya kiti kama mgeni. Nikamwambia ni mgongo wangu. Yeye kati ya watu wote, nikamdanganya kwamba ninaumwa mgongo. Ninachokumbuka ni kwamba hakuwahi kukuita lile jina, na akisikia mtu analitumia, alikuwa anauliza anayeitwa hivyo ni nani, maana yeye hakumzaa.

Sijakuandikia wewe tu. Ningefanya hivyo, ingekuwa nimekunong'oneza tena huku wengine wanaongea. Jumapili nilimwita kaka yako hapa, nikamweleza yote, binamu yako akiwa amesimama mlangoni. Kaka yako hakunikatiza. Nilipomaliza aliuliza, "Kwa hiyo aliposema kijani?" Nikamwambia ndiyo, ilikuwa ya kijani. Akasema, "Na wewe ulikuwa unajua nilipokuwa namfokea." Nikasema nilikuwa najua. Aliinuka akatoka, chai yake haijaguswa. Hajarudi, na sitegemei arudi upesi. Ila jana alimpigia binamu yako kuomba namba yako, na binamu yako amekataa kuitoa mpaka wewe uruhusu. Amefanya vizuri. Uamuzi ni wako, na usiharakishwe.

Binamu yako naye ananiletea dawa na chakula kama kawaida, ananiogesha miguu, lakini hajakaa kwenye kitanda changu kupiga soga tangu Jumapili. Simlaumu.

Sasa nije kwenye la mumeo, ambalo ndilo lililonifanya nishike kalamu kabla moyo haujasimama.

Nilimtafuta Miwani. Sasa yeye ndiye mkuu, anaongoza karakana kubwa kuliko yetu, na naambiwa kichwani bado kuna miwani. Nilimwambia ukweli naye kwa simu, akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mzee, nilijua. Nilingoja uniambie, halafu nikachoka kungoja." Nikamuuliza kuhusu vifaa vya siku hizi. Akanieleza kwa subira kama unavyomweleza mgonjwa. Kwao jibu likikosekana, chaja inazima, haina mjadala. Na kile cha ndani kina kinga yake chenyewe, kikipata joto kinajifunga na kukataa umeme hata kama wa nje unaendelea kuupeleka, hakihitaji kuomba ruhusa. Pia hakimsikilizi mtu yeyote asiyekuwa karibu kabisa na mwili na asiyetambuliwa nacho, kwa hiyo hakuna wa kukichezea kutoka mbali. Wagonjwa wanalalamika kwamba kinazimazima. Miwani alisema wanawaacha walalamike.

Sitaki uniamini mimi, nimeshapoteza haki hiyo. Nakuomba uende na mumeo kwa daktari wake, umuulize swali moja tu. Muulize, cha ndani kisiposikika, chaja inafanya nini? Asipojua, mwambie aulize waliokitengeneza, na msikubali chochote mpaka ajibu. Akikujibu inazima, muulize nani amelijaribu hilo, na kwa namna gani. Ni swali ambalo lilipaswa kuulizwa mbele yangu na mtu asiyeogopa kuchekwa, na likang'ang'aniwa.

Ukiwa na sababu nyingine ya kukataa, kataa. Mwili ni wa mumeo na nyumba ni yenu, mimi simo. Upasuaji una hatari zake na daktari lazima aziseme zote. Lakini usikatae kwa sababu ya mikono yako. Ulimfunga mama yako mkanda vizuri. Ulikagua kila ulichoonyeshwa kukagua. Ulimgeukia mara moja ulipohisi kuna kitu, ukaitoa sahani kwa vidole vitupu ukishika mgongo wake wa moto, usio na kitambaa kama upande wa mwilini, na malengelenge uliyapata wewe pia, nakumbuka, hakuna aliyeyafunga. Mikono ile ndiyo iliyomuokoa asiungue zaidi. Nilipaswa kuisema sentensi hii ukiwa umechuchumaa mbele yangu.

Sikuombi msamaha kwenye barua hii. Nikikuomba, utajiona una kazi ya kunijibu kabla sijaondoka, nami nimeshakupa kazi za kutosha. Kama kuna jibu, lipeleke kwanza kwa daktari wa mumeo.

Binamu yako anakusalimu sana, anasema shuka ulizotuma zimefika na ndizo ninazolalia. Shangazi wa upande wa baba yako, ambaye sasa hasikii vizuri, anaulizia watoto kila wiki na kila wiki anafurahi upya kusikia wapo. Mke wa kaka yako naye anakusalimu, yeye mwenyewe aliniomba niandike hivyo. Msalimie mumeo, mwambie nimetimiza nusu ya alichoniagiza, hiyo nusu nyingine haikuwa kweli. Wabusu wanao kwa niaba yangu, na mdogo mwambie asiharakishe meno.

Mungu akupe usingizi mzuri ndani ya nyumba yako, amwondolee mumeo maumivu, na awakuze hao watoto mbele ya macho yako.

Ni mimi mjomba wako, niliyekupenda muda wote na nisiyekutendea kama mtu anayekupenda.